Maziwa Yaliyogoma Kuganda

Bwana afya alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema ndani ya kitete cha mama yangu mna bakteria mamilioni. Angesema uongo ningekuwa nimeshamsahau, maana njia ya mwongo ni fupi. Lakini alisema nusu ya kweli, akaiacha imesimama mbele ya watu, kisha akapanda pikipiki ya serikali akaenda kula chakula cha mchana.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya mvua za El Niño. Kwetu ni juu kidogo ya Kathiani, penye vilima na mashamba ya matuta. Mwaka ule matuta yalibomoka, vyoo vikafurika, na uchafu wote ukateremka hadi mtoni na kwenye visima tulivyochota maji. Kipindupindu kikafuata. Naibu wa chifu akaita baraza, na bwana afya wa tarafa, kijana mmoja aliyeitwa Laban, akaja kufundisha watu.

Alisema mambo ya maana: chemsheni maji, naweni mikono, chimbeni vyoo mbali na visima. Watu wakaanza kusinzia. Ndipo akaona awaamshe kwa mfano. Akauliza ni nani ana maziwa ya kuganda nyumbani, na mama yangu, Kasiva, akainua mkono. Angekaaje kimya? Maziwa yake yalijulikana kilima kizima. Akatumwa akayalete, akaenda mbio akiwa na furaha, akidhani anakwenda kusifiwa.

Kitete ni kibuyu cha maziwa. Mama alikirithi kutoka kwa mama yake, na pamoja nacho akarithi namna ya kukitunza. Unakisugua ndani, unakifukiza kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini mpaka kinukie moshi, unatia maziwa, na ukimimina ya kunywa unaacha kidogo chini ili yayafunze kazi maziwa mapya. Hakikuoshwa kikakauka kabisa hata siku moja tangu nyanya yangu akiwa msichana. Mtoto wa jirani akihara, mama yake alikuja na kikombe, na Kasiva alimjazia bila kuuliza. Watoto walipona. Wengi walipona, niseme hivyo.

Laban alikipokea kitete, akakiinua juu.

"Muone hii," alisema. "Hii ndiyo inamaliza watoto wenu. Hapa ndani kuna bakteria mamilioni. Mamilioni!"

Jumatatu ya wiki ile ile, jirani yetu Nzembi alikuwa amemzika mjukuu wake, Masila. Ua wetu na wake ni mmoja. Mtoto alikuwa ameanza kuhara Alhamisi, na Nzembi akaja kuomba maziwa kwa mama, akayapata, akampa mtoto, na mtoto akafa. Alikuwa amekunywa maji ya mto pia, kama watoto wote wa kilima kile, lakini mto hauitwi barazani ukainuliwa juu watu wauone. Nzembi aligeuza shingo, akamtazama mama yangu. Watu wote walimwona akimtazama.

Tangu siku hiyo Nzembi hakumsalimia mama tena. Hakumtukana, hakumshtaki, hakumsema kwa mtu. Angemsema, mama angejibu, kwa maana ulimi anao. Kanisani Nzembi alihamia benchi la upande wa pili. Kwenye harusi na matanga mama alipeleka maziwa kama zamani, na wanawake wakamwambia kwa adabu kuwa wameshiba, na jioni akarudi nayo nyumbani. Lisemwalo lipo, ndivyo watu husema, na wakishasema hawatafuti tena. Mama yangu alikaa hivyo miaka sita, mtu aliyezoea kugonga milango yote akawa anapita nje ya ua.

Mimi wakati huo nilikuwa Nairobi, mtaalamu wa maabara katika taasisi moja ya utafiti wa vyakula. Habari za baraza nililetewa na watu. Nilikasirika hadi nikalia chooni kazini, kwa sababu mimi kazi yangu ni hao hao bakteria, na nilijua Laban amechanganya paka na chui. Kuna bakteria wanaoua mtoto, na kuna bakteria wanaogandisha maziwa, na hawa wa pili wakifika tumboni huwafukuza wale wa kwanza. Lakini ningesimama wapi niseme? Mtoto akimtetea mama yake ni mtoto tu.

Basi mwaka wa elfu mbili na nne mkuu wangu, Daktari Gatimu, akapata ufadhili wa kutafuta bakteria wazuri katika maziwa ya kuganda ya Ukambani. Alitaka apate mmoja au wawili ambao wangeweza kukuzwa, kukaushwa, na kupewa watoto wanaohara. Niliposikia hivyo moyo wangu uliruka. Nikasema moyoni, haya ndiyo tuliyokuwa tukiyangoja. Jina la mama litasafishwa, na litasafishwa mahali ambapo Laban hana la kubisha.

Nilimwambia Gatimu waziwazi kwamba mama yangu ni mmoja wa wanawake wa Kathiani wenye vitete vya zamani. Hakuona tatizo. Alisema sampuli itapewa namba kama zingine, na bakteria hawajui mama ya mtu.

Siku ya kuchukua sampuli tulifika na gari na visanduku vya barafu. Mama alikuwa amefagia uwanja mpaka mchanga ukaonyesha mistari ya ufagio. Alivaa leso mpya. Alipomwona Gatimu akitoa chupa ndogo za kioo uso wake ulikauka, nami nikadhani ni haya tu. Mwenzangu akamwuliza maswali tuliyouliza kila nyumba: ng'ombe ni wa aina gani, mti wa kufukizia ni upi, maziwa hukaa siku ngapi.

"Na ndani mnaweka nini, mama?"

"Naweka maziwa," mama akajibu. "Na usafi."

Tulicheka sote. Gatimu alilipenda jibu hilo, akawa analirudia kwenye gari mpaka tukafika Machakos mjini.

Sasa nieleze mtihani wenyewe, kwa sababu watu hudhani tunachungulia tu kwenye darubini tukaandika. Kwanza tuliwatenga bakteria wa kila nyumba, mmoja mmoja, tukawaotesha kwenye sahani za kioo. Kisha tukawatia kwenye asidi kali kama ya tumbo la mtu, tukawaacha humo saa kadhaa, tukahesabu nani kafa na nani kabaki. Waliobaki tukawatia kwenye nyongo, maana atakayepita tumboni lazima akutane na nyongo mbele. Waliobaki tena tukawapambanisha na vile viini vya kuharisha. Unaotesha viini sahani nzima, katikati unamweka bakteria wako, unangoja. Akiwa na nguvu, kesho yake unakuta amejifyekea uwanja mtupu pande zote.

Bakteria wa mama alijifyekea uwanja ambao sijawahi kuuona. Asidi haikumtisha, na nyongo aliipita. Tulimjaribu kwenye damu tuone kama anaivunja, hakuivunja. Nyumba zote za Kathiani, Kangundo na Yatta, na huyu alikuwa mbele ya wote. Nilizima taa ya maabara jioni hiyo nikiwa naimba.

Gatimu naye alishindwa kujizuia. Alikuwa na safari ya Machakos, akapitia Kathiani, na mimi nikiwa kwenye gari. Akashuka nyumbani kwetu na suti yake, akamshika mama mikono miwili, akaomba kikombe. Majirani walikuwa wameshajipanga uani, kwa sababu gari la serikali halipiti kwetu kila siku. Nzembi alikuwa upande wake wa ua akijifanya anapalilia. Gatimu akanywa kikombe chote, akafuta midomo.

"Mama," alisema kwa sauti, "haya maziwa yako yatasaidia watoto wa Kenya nzima."

Mama aliingia jikoni akakaa huko muda, na alipotoka alikuwa amenawa uso. Sikumbuki kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Gatimu dakika ile, na ndiyo sababu hasira yangu juu yake haitaisha, kwa maana alikuwa mwanasayansi, na mwanasayansi alijua kwamba kulikuwa na mtihani mmoja bado.

Mtihani huo ni wa dawa. Unamwotesha bakteria kwenye sahani, unapanga juu yake vipande vya mviringo vya karatasi vilivyolowekwa dawa za hospitali, kila kipande na dawa yake. Dawa ikimweza, kandokando ya karatasi hubaki duara tupu. Na lazima imweze. Bakteria asiyeogopa dawa hapewi mtoto hata awe mzuri namna gani, kwa sababu anaweza kuwafundisha wale wauaji ujanja wake, na siku mtoto akiugua kweli, dawa itaingia itoke kama maji.

Kwenye karatasi ya tetrasaiklini hapakuwa na duara. Bakteria wa mama alikuwa ameota hadi ukingoni mwa karatasi, akaizingira yote, kama nyasi zinavyozingira jiwe. Nilirudia. Nikabadilisha karatasi nikidhani zimepitwa na wakati, nikarudia tena. Mwishowe tulimweka pamoja na bakteria mwingine aliyekuwa akiiogopa dawa hiyo. Kesho yake yule mwingine naye alikuwa haiogopi. Alikuwa amegawiwa, kama wazee wanavyogawiana ugoro.

Gatimu alizitazama sahani, akazisukuma kando.

"Huyu ametoka," alisema. "Hatuwezi kumguza. Tutaendelea na yule wa Kangundo."

"Na mama yangu?"

"Mama yako amefanya nini?"

"Ulimwambia mbele ya watu."

Alikuna kichwa. Sisemi ni mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka, na mtu mwenye haraka akikanyaga kitu hageuki nyuma kuona ni nini.

"Wewe ni mtoto wake, Nthambi," alisema. "Mwambie ni mambo ya sayansi. Ataelewa."

Nilikwenda nyumbani Jumamosi. Njia nzima nilikuwa na swali moja kichwani: tetrasaiklini imefikaje kwenye kitete cha mwanamke asiyemeza hata aspirini? Nikafikiria ng'ombe, labda alidungwa sindano. Lakini sindano moja haileti ukinzani wa namna ile. Huyo bakteria alikuwa ameishi na dawa hiyo, amelala nayo na kuamka nayo kwa miaka.

Mama alinipokea akicheka. Aliponiona tu alishindwa hata kungoja nikae.

"Nthambi, Nzembi amenisalimia!"

"Lini?"

"Jumapili, nje ya kanisa. Alikuja yeye mwenyewe. Akasema, Kasiva, niliona ile daktari ikikunywa. Nikamwambia, ndiyo, alikunywa. Akanishika mkono hivi." Aliushika mkono wangu anionyeshe. "Winrose, ile mtoto ya msichana wake, anahara toka jana. Nzembi amesema atakuja leo kuchukua maziwa. Atakuja hapa kwangu, Nthambi. Kwa mlango."

Nilikaa kwenye kigoda. Moto ulikuwa unawaka, na kitete kilikuwa pale kwenye kona, kimefungwa kifuniko chake cha ngozi. Nilijua lazima niulize kabla Nzembi hajafika, na sikutaka kuuliza, niliona afadhali ningevunjika mguu njiani.

"Mwaitu," nilisema, maana hivyo ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, "kwa hiyo kitete, mbali na maziwa, kuna kitu unaweka?"

Alisukuma kuni motoni kwanza. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetunza siri nzuri na sasa ameruhusiwa kuionyesha. Akanyoosha mkono juu ya kabati la vyombo, akateremsha mkebe wa kahawa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, nusu vyekundu nusu vya njano, vile ambavyo kila duka la kwetu huuza kimoja kimoja pamoja na chumvi na viberiti.

"Nikimaliza kufukiza, nafungua moja, naweka unga yake kidogo," alisema. "Kidogo tu, hapana yote. Vifaranga vyangu vikihara naviwekea kwa maji, na vinapona. Nikaona, kama inaua bakteria ya kuku, si itaua pia ya maziwa?"

"Toka lini?"

"Toka ile baraza. Niliapa hakuna mtu mwingine atakuja kuinua kitete yangu apate bakteria ndani." Alikipangusa kitete kwa ncha ya leso. "Na ujue, mwanzo ilikataa. Maziwa yaligoma kuganda, nikitia inakaa tu hivyo, inanuka. Karibu nitupe kitete. Nikaendelea tu na dawa, nikaendelea. Halafu siku moja ikaganda. Ikaganda vizuri kuliko mbeleni! Nikajua sasa imekuwa safi."

Nilikuwa nimeelewa yote kwa mara moja. Maziwa yaligoma kwa sababu wote walikuwa wamekufa: wale bakteria wa nyanya yangu, wa mama yake nyanya yangu, waliopitishwa mkono kwa mkono na kijinga kwa kijinga. Kisha mmoja kati ya wote, mmoja aliyejua kuikataa dawa, akabaki peke yake, akaota, akajaza kitete. Huyo ndiye niliyempeleka Nairobi, nikamwimbia. Na wale ambao wangemtetea mama yangu, kama kweli walikuwa wa kumtetea, alikuwa amewaua kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya aibu aliyotiwa na kijana mwenye pikipiki.

"Siku ile mlikuja na chupa," mama aliendelea, "niliogopa sana. Nikasema, sasa wamekuja kuhesabu. Asubuhi hiyo niliweka moja mzima. Na daktari akakosa kitu, si ndiyo? Si ndiyo maana alikuja kukunywa?"

"Tulikuwa tunawatafuta, mwaitu."

"Mlikuwa mnatafuta nani?"

"Bakteria. Wazuri. Hawa wa maziwa ni wazuri. Tulikuwa tunataka wawe wengi."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba mchana ni usiku. Maskini, alikuwa na haki. Miaka yote hiyo redio, shule, zahanati na bwana afya vilimwambia neno hilo moja kama unavyomtaja shetani, na leo mtoto wake anakuja kumwambia kuna mashetani wema. Nilianza kueleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, na kabla sijafika mbali tulisikia mtu akibisha hodi nje.

Alikuwa Nzembi. Alikuwa na kikombe cha bati mkononi, kimesuguliwa kwa jivu mpaka kinang'aa. Alikuwa amezeeka tangu nilipomwona mara ya mwisho kwa karibu.

"Habari ya hapa," alisema, akabaki mlangoni.

"Ingia, Nzembi, ingia," mama akasema. Alikichukua kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kitete. Aliyasahau yote niliyokuwa nikimwambia, au hakuyaamini, au alitaka dakika hiyo moja iwe yake kabla ya mengine yote. Maziwa yakaanza kutoka, mazito, yakinukia moshi.

Nikamshika mkono.

"Usimpe," nilisema.

Sikuwa na la kufanya. Mtoto alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja, na dawa hiyo haipewi mtoto mchanga, huharibu meno na mifupa inayokua, na mtoto anayehara ana shida za kumtosha. Nilijua hayo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nasema wazi kwamba, mkono wangu ukiwa juu ya mkono wa mama yangu, nilitamani niwe mjinga.

"Kwa nini asinipe?" Nzembi aliuliza.

"Kuna dawa ndani, mama Nzembi. Maziwa hayana shida. Ni dawa ndiyo mbaya kwa mtoto. Hebu tumpeleke Winrose hospitali Machakos, nitalipa gari, twende sasa hivi."

"Daktari alikunywa."

"Daktari ni mtu mzima. Na hakujua."

"Dawa gani?"

Nilitaka nijibu mimi, lakini mama alinitangulia. Aliuinua mkebe aonyeshe, akiwa bado na ile imani yake.

"Ya kuua bakteria," alisema. "Toka ile baraza naweka. Sijaacha hata mara moja, Nzembi. Iko safi."

Nzembi alivitazama vidonge. Kisha akamtazama mama, na uso wake ulibadilika polepole, nami nilikaa pale nikauona ukibadilika bila kuweza kufanya lolote.

"Kumbe ulijua," alisema.

"Nilijua nini?"

"Mtu hatibu kitu mzima. Kama maziwa yako haikuwa na kitu, ulikuwa unatibu nini?"

"Mama Nzembi, sivyo," nilisema. "Aliogopa maneno ya watu. Maziwa ya zamani hayakuwa na..."

"Nyamaza wewe. Sikuongea na wewe." Hakupaza sauti. "Nimekaa miaka sita nikisema moyoni, labda ni maji. Labda ni mto. Nasali kila siku, Mungu nitolee hii chuki, Kasiva ni jirani yangu. Jumapili nikamshika mkono. Na yeye alikuwa ananunua dawa ya kutia kwa kitete, ananyamaza tu."

Alichukua kikombe chake kutoka mkononi mwa mama. Kilikuwa na maziwa kidogo chini. Aliyatazama, akakiweka kikombe chini kwenye sakafu, akaondoka bila kikombe. Nilimfuata hadi kwenye ua nikimwomba tumpeleke mtoto hospitali. Alikubali hilo, kwa ajili ya mtoto. Alimtuma binti yake aende nami. Yeye mwenyewe hakupanda gari nililolipa. Winrose alitiwa maji ya chumvi na sukari, akalazwa, na kufikia jioni alikuwa amefungua macho na kushika kidole changu. Alipona. Hakuna aliyenishukuru, na sikutarajia.

Nilirudi nyumbani giza likiingia. Mama alikuwa amekaa pale pale jikoni. Moto ulikuwa umezimika na hakuwa amepika. Kitete kilikuwa mapajani mwake, amekipakata.

"Mtoto?" aliuliza.

"Ataishi."

"Ni muvea." Alimshukuru Mungu kwa Kikamba. Niliwasha taa ya mafuta, nikakusanya kuni, nikatafuta kitu cha kufanya ili nisikae. Nilimwambia tutaanza upya. Nilimwambia kuna mwanamke wa Kangundo mwenye maziwa mazuri, nitamwomba kidogo, tutakisugua kitete na kukifukiza na kutia ya huyo.

Hakusikia hata neno moja.

"Nthambi. Ile maziwa ya mbeleni. Ile nilimpa Masila, kabla ya dawa."

"Ilikuwa nzuri, mwaitu."

"Uliipima?"

Niligeuka nikamtazama. Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kama wanawake wanavyouliza zahanati, akiinua uso, tayari kupokea jibu lolote. Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa. Ningemwambia juu ya mto na visima na vyoo vilivyofurika, juu ya watoto wote waliokunywa wakapona. Ningemwambia inaelekea, yawezekana, kwa kawaida. Ndivyo tunavyoandika huko kwetu tunapokuwa hatuna sampuli.

"Hapana," nilisema. "Sikuipima."

"Na sasa haiwezi kupimwa."

"Haiwezi. Haipo tena."

"Basi hujui."

"Sijui, mwaitu."

Alitikisa kichwa kukubali, mara mbili tatu. Vidole vyake vilikuwa vikipapasa shingo ya kitete, mahali palipolainika kwa mikono ya mama yake na ya nyanya yake.

"Hata mimi," alisema. "Toka ile siku Laban aliiinua, hata mimi sijui."